Uniti za LUKU zinaisha kabla ya mwezi: kutafuta umeme unaopotea ofisini

Mhasibu ndiye anayeona kwanza. Mwezi uliopita ofisi ilinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, mara mbili, mwezi huu mara nne, na watu ni wale wale, mashine ni zile zile. Hapo maneno huanza: tununue AC mpya, tuweke sola, bei imepanda. Usinunue kitu chochote wala usimlaumu mtu kabla hujaisoma mita usiku. Hapa Dar es Salaam, iwe ni ghorofani Posta, nyumba iliyogeuzwa ofisi Mikocheni au fremu Kariakoo, ni kawaida kukuta kwamba umeme unaopotea hupotea wakati mlango umefungwa.

Hesabu zote humu zinachukua shilingi 350 kwa uniti moja, kodi na tozo zikiwa ndani. Bei yako halisi utaipata kwenye risiti: gawanya jumla ya fedha ulizolipa kwa uniti ulizopewa. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja.

Anza na usomaji wa usiku

Jioni, mtu wa mwisho akifunga, aandike salio la uniti na saa. Asubuhi, wa kwanza kufika aandike tena kabla hajawasha kitu. Fanyeni hivyo siku saba mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Karatasi ibandikwe pembeni ya mita, si kwenye simu ya mtu mmoja, maana akiugua rekodi inakatika.

Wiki ina saa 168. Ofisi inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, ina watu kwa saa 50 tu. Saa 118 zilizobaki imefungwa. Kwa hiyo kitu kidogo kinachobaki kimewaka usiku kinaweza kula kuliko kikubwa kinachowaka mchana.

Ukitaka jibu la haraka, tazama taa ndogo nyekundu inayopepesa kwenye uso wa mita. Pembeni yake kuna namba, mfano 1000 imp/kWh, yaani ikipepesa mara 1000 uniti moja imeisha. Hesabu mipepeso kwa dakika 6, zidisha kwa 10, kisha gawanya kwa ile namba. Mipepeso 36 ndani ya dakika 6 ni 360 kwa saa, sawa na kilowati 0.36. Mita nyingine zimeandikwa 1600 au 3200, basi gawanya kwa hiyo iliyoandikwa.

Kilowati 0.36 kwa saa 118 ni uniti 42 na ushee, karibu shilingi 15,000 kila wiki kwa ofisi isiyo na mtu ndani.

Kiasi gani ni halali? Ofisi ya watu kumi yenye friji moja ndogo, ruta, kamera za ulinzi na taa mbili tatu za LED za nje inatakiwa ibaki kati ya kilowati 0.1 na 0.15 usiku. Ukiwa na seva, ongeza yake na ya AC yake. Kinachozidi hapo kina jina, na kazi yako ni kulipata.

Dalili: usiku wote uniti zinashuka kwa kiasi kile kile

Kiasi kisichobadilika maana yake ni kitu kilichoachwa kimewaka. Rudi ofisini jioni moja na mtu wa pili. Mmoja asimame kwenye mita, mwingine azime sakiti breka moja moja, akisubiri dakika moja kila baada ya kuzima. Breka ambayo ukiizima mpepeso unapungua ghafla ndiyo unayoitafuta. Usianze na breka ya seva wala ya kamera bila kuwaambia wahusika.

Wanaokamatwa mara nyingi ni hawa. Kompyuta za mezani huachwa zimewaka, na kila moja pamoja na skrini yake hula karibu wati 100. Kumi zikikesha saa 14 ni uniti 14, shilingi 4,900 kwa usiku mmoja. Picha zinazotembea kwenye skrini haziokoi kitu, mashine inafanya kazi vile vile. Kinachookoa ni kuiwekea ilale baada ya dakika 10 au 15 isipoguswa, na kuizima kabisa jioni. Mashine kubwa ya fotokopi hukaa na joto lake ikisubiri kazi. Iwekee muda mfupi wa kulala, na usiku izimwe ukutani. Dispensa ya maji ya moto na baridi huchemsha na kupoza maji usiku kucha bila mnywaji, na hula uniti moja hadi mbili kwa siku hata kama hakuna aliyeigusa. Nyuma yake kuna swichi mbili, nyekundu ya moto na nyingine ya baridi. Mfundishe anayefunga ofisi azizime zote mbili.

UPS kuukuu, zile betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nazo hujificha chini ya meza. UPS yenye betri iliyokufa inaendelea kuchaji kitu kisichochajika, na unaisikia kwa joto ukiweka kiganja juu yake. Betri ikishapita miaka mitatu au minne kwenye joto la Dar, ijaribu: chomoa UPS ukutani kompyuta ikiwa imewaka. Ikizimika papo hapo, badilisha betri au itoe kabisa. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata siku moja. Inapopasha moto huvuta wati nyingi kwa mkupuo, na UPS ndogo huungua kwa ajili hiyo.

Dalili: usiku mmoja uniti zimeliwa sana, usiku mwingine hapana

Hii inawachanganya wengi, na wapo wanaomtuhumu mlinzi bure. Angalia tarehe za usiku ule mbaya, kisha uliza kama siku hiyo umeme ulikatika mchana.

Kinachotokea ni hiki. Umeme unakatika saa kumi alasiri AC zikiwa zimewaka. Saa kumi na moja watu wanaondoka. Hakuna anayekumbuka rimoti kwa sababu AC zimeshazimika zenyewe. Saa tatu usiku umeme unarudi. AC nyingi za siku hizi zinakumbuka hali ziliyokuwa nayo, zinawaka tena kwenye nyuzi zile zile na kupoza viti vitupu hadi asubuhi. AC nne za BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) zikikesha hivyo zinaweza kula uniti 30 hadi 40, zaidi ya shilingi 10,000 kwa usiku mmoja.

Dawa yake haihitaji fedha. Kila AC inatakiwa kuwa na swichi yake ukutani, ile nene ya ampea 20 yenye taa nyekundu. Anayefunga ofisi azime hiyo, asitegemee rimoti. Kama fundi aliunganisha AC moja kwa moja bila swichi, tumia breka yake kwa sasa, kisha weka swichi, maana breka haikutengenezwa kuwashwa na kuzimwa kila siku. Pampu ya maji ya kujiwasha na pasi iliyosahaulika ni hatari ya aina hiyo hiyo, na pasi inaunguza nyumba.

Dalili: breka zote zimezimwa, taa ya mita bado inapepesa

Zima breka ndogo zote, acha swichi kuu. Mita ikiendelea kupepesa, kuna waya uliochukuliwa kati ya mita na ubao wako wa breka. Sasa zima na swichi kuu. Ikiendelea bado, waya umechukuliwa kabla ya swichi kuu.

Kwenye majengo yenye wapangaji wengi hili si ajabu, na si lazima liwe wizi. Mara nyingi ni taa za ngazi, bango la nje, au pampu inayopandisha maji kwenye simtanki la jengo zima, iliyounganishwa kwenye mita yako tangu enzi za mpangaji aliyetangulia. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, afuatilie waya, na mwenye jengo awepo. Usikate waya usioujua. Unaweza kuwa umezima pampu ya moto au lifti.

Hali ya kinyume nayo ipo: umezima kila kifaa lakini breka moja ikiwashwa mita inapepesa. Hapo kuna kifaa kilichojificha, kama hita ya maji ya bafuni au feni ya kutoa hewa juu ya dari, au umeme unavuja kwenda ardhini kupitia waya uliochubuka, hasa soketi za nje na ukuta uliolowa wakati wa masika. Uvujaji huo unaweza kuua mtu. Acha breka hiyo imezimwa hadi fundi aje na mita ya kupimia insulesheni.

Dalili: AC inawaka siku nzima na chumba hakipoi

Hapa ndipo mchana unapoliwa. AC ya BTU 12,000 isiyo ya inveta, yaani ile ambayo kompresa yake (pampu ya gesi) ina mwendo mmoja tu, huvuta karibu kilowati 1.1 kompresa ikifanya kazi. Isipopumzika kwa saa 8 ni uniti karibu 9, zaidi ya shilingi 3,000 kwa siku kwa AC moja. Ikiwa nzima na chumba kimezibwa vizuri, kompresa hufika mahali ikapumzika. Isiyopumzika ina sababu.

Kabla ya kumwita fundi, nunua kipimajoto cha kawaida cha dijitali. Washa AC kwa dakika 15, feni ikiwa kasi ya juu. Pima hewa inayoingia juu ya mashine, kisha hewa inayotoka chini. Toa moja kwa nyingine.

Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, mashine ni nzima. Wakati wa masika, unyevu ukiwa mwingi, hata 7 inakubalika. Basi usiguse gesi, tatizo ni joto linaloingia chumbani. Tofauti ikiwa chini ya 6, mashine ndiyo mgonjwa. Kipimo hiki kimoja kitakuokoa na fundi ambaye jibu lake kwa kila ugonjwa ni kuongeza gesi.

Mashine ikiwa mgonjwa, fuata mpangilio huu, kutoka kisicho na gharama kwenda chenye gharama.

Kwanza filta. Fungua kifuniko cha mbele, vuta zile nyavu mbili, zioshe kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, zikauke kivulini. Ofisi iliyo kando ya barabara yenye vumbi, Buguruni au Vingunguti, ifanye kila wiki mbili. Ghorofani mjini, mara moja kwa mwezi. Filta iliyoziba hunyima hewa koili, na baada ya muda barafu huota juu yake. Ukiona barafu au maji yanadondoka ukutani, zima kupoza, acha feni tupu izunguke saa nzima hadi iyeyuke. Barafu ikirudi filta ikiwa safi, basi ni gesi.

Pili, mashine ya nje. Huyu ndiye anayetupa joto, na akishindwa kulitupa, umeme unaongezeka na baridi inapungua. Kwa Dar kuna maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi ya bahari. Upanga, Masaki, Kigamboni na popote upepo wa kaskazi na kusi unapopiga, mapezi ya aluminiamu huliwa yakawa unga mweupe, na yaliyobaki hushika vumbi. Zima breka, mwagia maji baridi ya bomba kutoka juu kwenda chini, kwa shinikizo dogo. Mashine ya kuoshea magari itayalaza mapezi yote, na hewa haitapita tena. Karibu na bahari osha kila mwezi, kwingine kila miezi mitatu. Adui wa pili ni kizimba cha chuma cha kuzuia wezi. Kizimba chenye nondo zilizo mbali mbali hakina neno. Kilichozibwa kwa bati au wavu mdogo mbele ya feni kinairudishia mashine hewa yake ya moto. Ndivyo ilivyo pia mashine sita zinapopangwa kwenye uchochoro mwembamba kati ya majengo mawili, kila moja ikimpulizia mwenzake. Mbele ya feni acha angalau mita moja wazi, nyuma sentimita 15 hadi 20.

Tatu, kapasita ya kompresa. Dalili yake ni mashine ya nje kuunguruma bila kuanza, au kuanza na kuzima kila baada ya dakika chache, na mara nyingi feni ya nje inazunguka lakini bomba nene halipoi. Ni kifaa cha bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache, lakini hubaki na chaji hata umeme ukizimwa. Mwachie fundi.

Nne na mwisho, gesi. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba, na kama imepungua, imevuja. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ile ile tena baada ya miezi michache. Mwambie apake povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, penye mafuta mafuta hasa, aonyeshe mapovu, akaze au atengeneze upya, atoe hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha apime gesi kwa mizani kufuata uzito ulioandikwa ubavuni mwa mashine. Aina za gesi zinatofautiana: R410A ni mchanganyiko na lazima iingie ikiwa majimaji. R32 inaweza kushika moto. R22 ni ya mashine za zamani, na mashine ya R22 inayovuja kila mwaka ni heri kuibadilisha kuliko kuitibu.

Dalili: AC ni nzima, chumba bado kina joto

Rimoti iko kwenye 16. Hili lisemwe wazi: kuweka 16 hakupozi haraka kuliko 24. Kwenye AC ya kawaida kompresa ina mwendo mmoja tu, iwe 16 au 26. Kinachobadilika ni lini itapumzika, na Dar es Salaam, ukiweka 16, haitapumzika. Weka 25, washa pangaboi. Pangaboi linakula wati 60 hadi 75 na linamfanya mtu ahisi baridi zaidi kwa nyuzi mbili au tatu. Linapoza ngozi, si chumba, kwa hiyo lizimwe watu wakitoka.

Mlango. Hewa ya Dar ina maji mengi, na AC lazima iyakamue kwanza kabla ya kushusha joto. Yale maji yanayotiririka kwenye mpira wa nje ndiyo hayo, na umelipia kila tone. Mlango unaoachwa wazi kwa sababu wateja wanaingia unaleta maji mapya kila dakika. Weka kifaa cha kuufunga wenyewe. Vioo vya kupangika vya zamani havizibi, AC kwenye chumba cha vioo hivyo ni kazi bure hadi uvibadilishe au uzibe kwa ndani kwa karatasi ngumu ya plastiki.

Jua. Dirisha la magharibi linaumiza mwaka mzima kuanzia saa tisa alasiri. La kaskazini linapigwa takribani Machi hadi Oktoba, la kusini Oktoba hadi Februari, kwa sababu mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na jua linavuka juu yetu mara mbili kwa mwaka. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, joto limeshaingia. Kivuli cha nje ndicho chenye nguvu: shedi ya bati, makuti, mkeka wa mianzi, hata mwarobaini ukiwa na nafasi na subira. Ofisi ya ghorofa ya juu yenye paa la bati ina ugonjwa wake: dari linakuwa jiko. Gusa jipsamu saa nane mchana. Ikiwa ya moto, fedha za AC ya pili zipeleke kwenye rangi nyeupe ya paa na insulesheni juu ya dari.

Mwisho, mashine inaweza kuwa ndogo kweli. Makadirio ya mafundi ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, hadi 700 penye jua, na BTU 600 kwa kila mtu wa ziada. Chumba cha mita za mraba 20 chenye watu watatu kinatoshwa na BTU 12,000. Ukikigeuza ukumbi wa mikutano wa watu kumi na wawili, BTU hizo hazitoshi, na hakuna filta itakayokiokoa.

Chumba cha seva kisipozwe kama duka la nyama. Hewa inayoingia kwenye mashine ikiwa nyuzi 24 au 25 seva ziko salama. AC hiyo hukesha mwaka mzima, kwa hiyo kila nyuzi unayopandisha unaiokoa saa 24.

Dalili: taa zinafifia kila AC inapoanza

Kufifia kidogo kwa nukta moja ni kawaida. Kufifia kunakobaki, au soketi yenye joto na rangi ya kahawia, ni maungio yaliyolegea. Umeme unageuka joto hapo hapo kwenye skrubu. Maungio yanayopoteza volti 5 yakipitisha ampea 40 yanatoa wati 200 za joto kwenye sehemu ndogo kuliko kidole. Unalipia moto huo, na siku moja utauona.

Fundi apime volti sehemu tatu mzigo ukiwa umewaka: kwenye mita, kwenye ubao wa breka, kwenye soketi ya mbali. Kawaida ni volti 230. Zikiwa sawa kwenye mita na pungufu kwenye ubao, kaza au badilisha waya ulio kati ya mita na ubao. Zikiwa pungufu kwenye mita yenyewe hata mzigo ukizimwa, hilo ni la TANESCO, toa taarifa na chukua namba ya taarifa. Ofisi ya fezi tatu ikiona taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi na za upande mwingine zinafifia, zima swichi kuu sasa hivi. Nyutro, waya unaorudisha umeme, imekatika, na kila dakika inaunguza vifaa.

Dalili: fedha ni zile zile, uniti zimekuwa chache

Kabla ya kutafuta mwizi soma risiti mstari kwa mstari. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na deni lolote la nyuma hukatwa pia. Ndiyo maana ununuzi mmoja hutoka na uniti chache kuliko mwingine wa kiasi hicho hicho. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, zungumza naye ihesabiwe kwenye pango. Ofisi iliyo kwenye nyumba ya kuishi iangalie pia kundi la bei: kundi la nyumbani lenye nafuu linaishia uniti 75 kwa mwezi, na ofisi yenye AC inazimaliza ndani ya siku chache.

Na vile vijisanduku vya kuchomeka kwenye soketi vinavyouzwa kwa jina la kupunguza umeme, usivinunue. Ndani kuna kapasita ndogo. LUKU inahesabu uniti, na kapasita haipunguzi uniti.

Dalili: taa ni nyingi na haziwezi kuzimwa kidogo kidogo

Tyubulaiti ya zamani ya wati 36 ina choki, na zote mbili hula karibu wati 45. Ya LED ya urefu huo ni wati 18. Ofisi yenye 20, saa 9 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, inaokoa karibu uniti 107, kama shilingi 37,000 kila mwezi. Fundi aiondoe choki na stata kwenye njia, asiiache, maana choki inaendelea kula wati zake hata LED ikiwa imewekwa. Kisha atenganishe swichi: safu iliyo dirishani iwe na yake, izimwe mchana. LED inayobaki na mwanga hafifu ikiwa imezimwa mara nyingi inasema swichi imekata nyutro badala ya laivu, waya unaoleta umeme, au swichi ina kitaa chake ndani. Umeme wake si kitu, ila waya uliogeuzwa unaweza kumpiga anayebadilisha taa.

Dalili: pampu inasikika usiku

Pampu ya nguvu ya farasi mmoja huvuta karibu kilowati moja. Hakuna anayetumia maji saa nane usiku, kwa hiyo kuna mvujo. Weka alama kwenye simtanki jioni, angalia asubuhi. Maji yakiwa yameshuka au pampu imewaka, kagua boya la tangi na vyoo vyote: tia rangi ya chakula kwenye kitangi cha choo, subiri robo saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa chini umechoka. Pampu ya shinikizo inayowaka na kuzima kila dakika ilhali vyoo ni vizima ina valvu ya kuzuia maji yasirudi iliyoshikwa na mchanga.

Jikoni

Pana machache. Lita moja ya maji kwenye birika la umeme ni uniti 0.1, shilingi 35. Chemsha mara moja, mimina kwenye chupa ya chai, badala ya kila mtu kuja na kikombe chake na kuchemsha birika zima. Friji: bana noti ya karatasi mlangoni. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Barafu ikizidi nusu sentimita, iyeyushe bila kisu, na nyuma yake acha sentimita 10 kutoka ukutani.

Ofisi kubwa: uniti zimeshuka, ankara haijashuka

Mteja anayepita uniti 7,500 kwa mwezi huwekwa kwenye kundi linalolipia pia kiwango cha juu kabisa cha mzigo, kwa kipimo cha KVA, alichofikia mwezi huo. Asubuhi moja AC zote, lifti na pampu zikianza pamoja, mwezi mzima umelipiwa kwa dakika hizo. Panga kuwasha kwa zamu, ghorofa baada ya ghorofa, na fanya hivyo hivyo umeme ukirudi baada ya kukatika. Kisha linganisha kilowati na KVA kwenye ankara. KVA zikizidi sana, benki ya kapasita kwenye chumba cha umeme inafaa hapa, tofauti na vile vijisanduku vya soketi. Kama ipo tayari, kagua fyuzi zake, maana kapasita zinaweza kufa kimya kimya na hakuna anayejua.

Dalili: jenereta inakunywa dizeli kuliko kazi inayofanya

Jenereta iliyobeba mzigo mzuri hutumia karibu lita 0.3 kwa kila uniti. Ya KVA 60 inayowashia taa na kompyuta tano inatumia zaidi ya mara mbili ya hapo kwa uniti, na dizeli isiyoungua vizuri inatoka kwenye bomba la moshi kama mafuta meusi. Mzigo usishuke chini ya asilimia 30. Kwa kukatika kwa muda mfupi, betri na inveta kwa ajili ya ruta, taa na kompyuta za mkononi zinatosha, jenereta isubiri. Ikiwashwa, angalia taa ya barabarani au jirani kila robo saa, au weka kitaa upande wa TANESCO kabla ya swichi ya kubadilishia, kionekane na mlinzi. Bila hicho kitaa, jenereta huendelea kuunguruma saa nzima baada ya umeme kurudi, kwa sababu kutoka ndani hakuna anayeona tofauti.